Sailensa ya Boxer imeoza: nifunge ipi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi naendesha bodaboda, kituo changu ni Muyeye hapa Malindi. Pikipiki ni Boxer 150 ya kabureta. Sailensa imeoza upande wa chini, inatoa moshi pembeni na kelele zimezidi. Nimeichomelea mara mbili na inapasuka tena. Nimeonyeshwa ekzosi ya spoti, fupi na nyepesi, na muuzaji anasema inaongeza nguvu na kabureta haiguswi. Mwenzangu naye ana sailensa ya TVS ya cc 125 iliyotolewa kwenye pikipiki ya ajali, ataniachia kwa bei rahisi. Nichukue ipi? Na nikitaka kufunga mwenyewe nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitakupa la mwisho kwanza ili usikae roho juu. Tafuta sailensa ya Boxer 150 yenyewe, mpya au iliyotumika, mradi tumbo lake, yaani vyumba vya ndani vya kupunguza mlio, liwe zima. Ile ya spoti usiifunge kwenye pikipiki unayotafutia riziki. Ile ya TVS usiitolee hata shilingi kabla hujaipima kwa namna nitakayokueleza. Na ukifunga mwenyewe, anzia kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, pale bomba linapoingia. Wengi huanzia kule nyuma mlio unakotokea, na ndiyo maana kazi yao haimalizi mwezi bila kuvuja.

Muuzaji amekwambia mambo mawili: nguvu inaongezeka, na kabureta haiguswi. Hayo hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Ikiwa ekzosi ile inapitisha moshi kwa wepesi zaidi, injini itavuta hewa zaidi, na hewa ikizidi bila petroli kuongezwa mchanganyiko unakuwa mwembamba. Ikiwa kabureta kweli haihitaji kuguswa, basi hewa haikuongezeka, na hiyo nguvu imetoka wapi? Mwulize swali hilo hilo dukani, kwa adabu, umsikilize atakavyojibu.

Nataka uelewe kinachotokea ndani ya bomba, maana ukikielewa hutauziwa kelele. Injini yako ina silinda moja. Pistoni ina upana wa milimita 56 na mwendo wake ni milimita 58.8, ndiyo zikapatikana cc 144.8, na kiwandani wanaihesabia nguvu ya farasi kama 12. Valvu ya moshi inapofunguka, moshi hautoki polepole. Unatoka kwa kishindo, na kishindo hicho kinasafiri ndani ya bomba kwa kasi ya kiasi cha mita 500 kwa sekunde, kwa kuwa moshi wenyewe ni moto. Kikifika mahali bomba linapopanuka kuingia kwenye sailensa, sehemu yake inageuka na kurudi kwenye valvu, kama wimbi linalogonga ukuta likarudi baharini, ila hapa linarudi likiwa mvuto badala ya msukumo. Mvuto huo ukifika wakati valvu ya moshi inakaribia kufunga na ile ya hewa imeanza kufunguka, unanyonya masazo ya moshi na kusaidia hewa mpya kuingia. Ukiwahi au ukichelewa, faida imepotea.

Sasa piga hesabu. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.012. Ndani ya muda huo mdogo mvuto lazima ufike kwa wakati wake. Urefu na upana wa bomba lako vilichaguliwa ili wakati huo upatikane pale mtu wa kazi anapohitaji nguvu: kuondoka na abiria, kupanda na mzigo, kutoka kwenye mchanga. Bomba likifupishwa, faida inahamia juu, kwenye mizunguko ambayo wewe huifikii ukiwa na gunia la mahindi kutoka Kakuyuni nyuma yako. Pikipiki inapiga kelele ya kutisha kwa juu na kwa chini imelegea. Dereva anaongeza resi kufidia, klachi inaumia, petroli inakwisha mapema, na bado anaamini amepata nguvu kwa sababu sikio limejaa.

Kuna usemi umeenea vituoni kwamba injini hutaka moshi uzuiwe kidogo ndipo ipate nguvu. Si kweli. Hakuna injini inayofaidika kwa kuzibwa. Inachotaka ni moshi uende kwa kasi ya kutosha na ule mvuto ufike kwa wakati. Bomba jembamba mno linakaba, bomba pana mno linapunguza kasi ya moshi, na yote mawili yanakula nguvu. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali mtu akutobolee sailensa au akutolee tumbo lake kwa ndani. Vile vyumba na vibomba unavyoviona ukiipasua sailensa ya Boxer kwa grainda viko pale kupunguza mlio bila kuukaba moshi, na vilipimwa pamoja na jeti, kile kitundu cha kupimia petroli, iliyomo kwenye kabureta yako.

Turudi kwenye sailensa yako iliyooza, kwa sababu ukifunga mpya bila kujua ya kwanza ilikufa kwa nini, ya pili itaifuata. Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli hutoa kiasi cha lita moja ya maji, na maji hayo hutoka kama mvuke pamoja na moshi. Ekzosi ikiwa imepata moto kamili, mvuke unatoka wote. Lakini kazi yako ni ya vipande vifupi: Muyeye hadi sokoni, sokoni hadi hospitali, unazima, unangoja abiria, unawasha. Sailensa haipati moto wa kutosha, mvuke unageuka matone, matone yanatuama chini na kuchanganyika na asidi ya moshi. Pasua yoyote iliyooza namna hiyo utakuta tope jekundu limelala chini na maganda ya kutu juu yake, wakati bati la upande wa juu bado lina afya. Ndiyo maana yako imeoza chini, na ndiyo maana kuchomelea hakukusaidia: moto wa kuchomelea ulikuwa unashika kutu, na kutu haishiki kitu. Hata ukienda mara ya tatu itapasuka pembeni mwa kiraka.

Tazama upande wa chini wa sailensa, karibu na mwisho. Nyingi zimetobolewa kitundu kidogo hapo, na matone meusi hutoka asubuhi ukiwasha. Hicho ni cha kutolea maji. Nimeona vijana wakikiziba kwa skrubu wakidhani ni uvujaji. Usikizibe. Kikizibwa na masizi, kizibue kwa waya mwembamba.

Kwa nje adui ni chumvi, na sisi wa Malindi tunaijua. Upepo wa kusi unaleta ukungu wa bahari hadi ndani ya mji, na anayepeleka watu Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi anarudi na pikipiki imepakwa unga mweupe. Halafu anaiosha kwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi pia. Sailensa ioshwe ikiwa baridi, kwa maji ya mfereji, kisha uendeshe masafa ya kutosha ikauke kwa ndani na kwa nje. Safari moja ndefu kila wiki, hadi Watamu na kurudi kwa mfano, inaiongezea maisha kuliko rangi yoyote.

Ukienda kununua, chukua sumaku ndogo na tochi. Chuma cha kawaida kilichopakwa kromu kinavuta sumaku, nacho ndicho kitakachooza kwanza kromu ikichubuka. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304, chenye kromu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, kwa kawaida hakivuti sumaku au kinavuta kwa unyonge sana. Ipo aina nyingine ya ekzosi, 409, ambayo inavuta sumaku na bado inahimili kuliko chuma cha kawaida, kwa hivyo sumaku peke yake haitoshi. Angalia maungio ya kuchomelea: mstari uwe mmoja, bila matundu. Ya zamani itikise karibu na sikio. Ukisikia kipande cha bati kikigonga ndani, sahani ya ndani imeng'oka, iache hapo hapo. Bonyeza chini kwa dole gumba mahali pote, hasa karibu na kile kitundu. Bati likibonyea, limebaki rangi tu.

Na hiyo ya TVS? Sina neno baya juu ya TVS, ni pikipiki nzuri. Lakini sailensa ya cc 125 ilitengenezwa kupitisha moshi wa cc 125. Ukiweka kwenye injini ya cc 145 itakaba kwa juu, na injini itapata moto zaidi katika safari ndefu. Hata hivyo kinachowashinda wengi ni vipimo, kabla hata ya nguvu. Chukua rula ya chuma. Pima katikati ya stadi moja ya hedi (zile skrubu mbili zinazoshika bomba) hadi katikati ya ya pili, kisha upime matundu ya flanji, lile bati la mdomoni mwa bomba linalovaa stadi, kwenye ile TVS. Pima upana wa mdomo wa bomba kwa ndani na ulinganishe na tundu la hedi. Pima kutoka flanji hadi tundu la kishikio cha fremu. Kisha weka sailensa kando ya pikipiki bila kuifunga, utazame kama inagusa pedali ya breki ya nyuma, sehemu za abiria za kukanyagia, au springi. Angalia pia raba inayozuia stendi kubwa isipande juu mno: kwenye pikipiki nyingi raba hiyo hugonga sailensa, na sailensa ngeni haina mahali pake. Stendi inaning'inia au inapiga cheni, na kwenye tuta utaisikia.

Kama matundu ya flanji hayalingani na stadi, achana nayo. Usikubali ile dawa ya kupanua tundu kwa tupa hadi liwe yai. Flanji iliyopanuliwa inakaa upande, gasketi, ile pete ya kuzuia uvujaji, inabanwa upande mmoja, na baada ya siku chache unaona mstari mweusi wa masizi kwenye hedi. Hapo tayari inavuja.

Mwingine atakushauri akutengenezee bomba jipya la mbele kwa kutumia bomba la maji. Nawaheshimu sana mafundi wa jua kali, wengi wana mikono mizuri kuliko kiwanda, lakini kwa hilo nina masharti. Bomba la maji lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe wa zinki ambao humpa mchomeleaji homa na baridi usiku ule ule. Zinki isuguliwe hadi iishe kabla ya moto, na kazi ifanyiwe mahali penye hewa. Kona iwe ya kupinda taratibu, isiwe kiungo cha mfereji cha nyuzi 90. Na ekzosi itolewe kwenye pikipiki kabisa kabla ya kuchomelewa. Nimewaona wakichomelea ikiwa imefungwa, tangi la petroli juu yake na betri imeunganishwa. Cheche moja inatosha kuua mtu, na umeme wa kuchomelea ukipita kwenye waya unaunguza CDI, kile kisanduku kinachotawala cheche ya plagi. Kama hakuna njia ila kuchomelea juu ya pikipiki, basi tangi litolewe, waya hasi wa betri utolewe, na nyaya za CDI zichomolewe.

Sasa kufunga. Fanya kazi asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Usiku uliotangulia, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati mbili za hedi na kwenye bolti ya kishikio, na urudie kabla ya kuanza. Mji huu kutu imeshashika kila kitu, na stadi ya hedi ikikatika ndani ya alumini umejitafutia kazi ya siku nzima. Legeza kidogo, ukisikia inakaza rudisha, kisha legeza tena. Usiruke juu ya spana. Ikikataa kabisa, mpelekee fundi mwenye moto wa kuipasha hedi kuzunguka stadi: alumini hutanuka kuliko chuma, na hapo stadi inaachia. Usiipashe wewe mwenyewe na kabureta iko pale imejaa petroli.

Bomba likitoka, chungulia tundu la hedi. Gasketi ya zamani mara nyingi hubaki imeng'ang'ania ndani, imepondeka hadi inaonekana ni sehemu ya hedi. Itoe kwa bisibisi butu bila kukwaruza alumini. Gasketi hii inabanwa mara moja tu. Kuirudisha ya zamani ndiyo sababu kubwa ya ekzosi mpya kuvuja, na ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii. Ikiwa ni ya shaba tupu na huna nyingine, ipashe moto hadi iwe nyekundu, iache ipoe au itie majini, italainika. Lakini ikiwa ni ya chuma na grafiti, nunua mpya. Nyuzi za stadi zisafishe kwa brashi ya waya, upake grisi ya shaba kidogo ili siku nyingine ifunguke.

Weka gasketi mpya, ikikataa kukaa ishikishe kwa grisi kidogo. Ingiza bomba, vika nati mbili za hedi kwa vidole tu. Nenda nyuma, tia bolti ya kishikio, nayo kwa vidole tu. Sasa tazama ekzosi inavyokaa. Tundu la kishikio likutane na la fremu bila wewe kuvuta wala kusukuma. Kama lazima uvute ndipo bolti iingie, simama. Ukikaza hivyo bomba litakuwa limekazwa likiwa na msongo, na mtikisiko wa injini utalipasua karibu na flanji au kwenye kishikio. Weka washa, zile pete bapa za chuma, za kujazia mpaka lipumzike lenyewe mahali pake. Nakusihi usiiruke hatua hii hata kama abiria wanangoja.

Likishapumzika, anza kukaza hedi. Nati hii kidogo, ile kidogo, kwa zamu, ili flanji ibane gasketi sawasawa. Stadi ya milimita 6 inatosha Nm 10, yaani nguvu ya kiganja kwenye spana fupi namba 10, basi. Ya milimita 8 inafika Nm 20 hivi. Kukaza kupita hapo hakuzuii kuvuja, kunang'oa nyuzi za alumini. Mwisho kabisa ndipo ukaze kishikio cha nyuma. Ukianza na kishikio halafu hedi, umeshalipinda bomba.

Mkalishe mtu mzito nyuma, aruke kidogo kwenye kiti huku wewe umeinama unatazama nafasi kati ya sailensa na mkono wa gurudumu la nyuma. Kisha ukanyage breki ya nyuma uone pedali inarudi bila kugusa. Baada ya hapo washa, nje, usiwashe ndani ya chumba. Najua wengi mnalaza pikipiki sebuleni kwa kuogopa wezi, lakini moshi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua mtu amelala. Injini ikiwa bado baridi, paka povu la sabuni kwenye flanji. Mapovu yakivimba, panavuja. Unaweza pia kuziba tundu la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache huku injini inanguruma taratibu: ukisikia msss mbele, unajua mahali. Ikishapata moto na kupoa, rudia kukaza nati za hedi, maana gasketi mpya hukaa. Rudia tena baada ya siku mbili tatu za kazi.

Ukiwa umefunga sailensa ya Boxer yenyewe, kabureta iache ilivyo. Kinachokupasa ni kusoma plagi. Endesha kwa mzigo wa kawaida kilomita kadhaa, zima injini huku umebana klachi, simama, ngoja ipoe kidogo, fungua plagi. Kauri ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mchanganyiko ni mzuri. Ikiwa nyeupe pe, petroli ni kidogo na injini inachemka. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli imezidi. Pikipiki inayopasukapasuka ukiachia mafuta, kwanza tafuta uvujaji kwenye hedi, kwa sababu hewa inaingia pale na kuwasha masazo ya petroli ndani ya bomba. Watu hukimbilia jeti na kosa liko kwenye gasketi.

Kama siku moja utafunga ekzosi inayopitisha zaidi, jua hivi: jeti ndogo inatawala resi ya chini, sindano inatawala ya katikati, jeti kubwa inatawala ukiwa umevuta mafuta hadi mwisho. Panda hatua moja ya jeti kubwa, endesha, soma plagi, ndipo uamue. Kama sindano yako ina mikato ya kuhamisha kipini, kushusha kipini kunainua sindano na kuongeza petroli. Wala usifuate namba ya jeti ya rafiki yako wa Nairobi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Yetu hapa usawa wa bahari ni nzito, na hewa nzito inadai petroli zaidi. Jeti inayomtosha yeye huku itakuwa ndogo, na utaunguza valvu ukidhani umefuata ushauri mzuri.

Kuna jambo hukuliuliza nami siwezi kulinyamazia. Angalia bati la kinga la sailensa yako, lile linalokinga mguu wa abiria. Kwenye ekzosi nyingi za spoti halipo, na kwenye sailensa za zamani limeng'oka likatupwa. Zitazame pikipiki kituoni kwenu: ngapi zina doa jeusi la kitambaa kilichoyeyuka kwenye sailensa? Hilo ni buibui la mama wa watu, na chini ya buibui palikuwa na shavu la mguu. Nailoni ikiyeyuka inashika ngozi, na kidonda chake kinaacha kovu la maisha. Watoto ndio huungua zaidi kwa sababu miguu yao inaning'inia pale pale. Nunua kinga, ifunge na washa zake za kuhami joto ili ibaki nafasi kati yake na sailensa, kwa sababu ikigusana na chuma inakuwa moto sawa na sailensa yenyewe. Mwambie abiria apande na kushuka kwa upande wa kushoto, sailensa iko kulia. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta, kitambaa kilichoganda usikibandue, na malengelenge yakiwa makubwa mpeleke hospitali.

Kuhusu kelele nitasema kwa ufupi. Sheria ya Trafiki, Sura 403, inataka gari la injini liwe na kifaa cha kupunguza mlio, na kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 kuhusu kelele zinagusa magari pia. Polisi akikusimamisha na ekzosi iliyotobolewa hutakuwa na la kujitetea. Lakini masikio yako yananihangaisha kuliko faini. Wataalamu wa afya kazini wanaweka desibeli 85 kwa saa 8 kuwa kikomo, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda wa salama unapungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Ekzosi isiyo na tumbo inapita hapo kwa urahisi, na wewe unakaa juu yake kutwa. Usikivu ukipotea hivyo haurudi. Na unapita mbele ya hospitali, wadi zina watoto wachanga.

Kwa hivyo nenda katafute ya Boxer, na usimtupilie mbali mwenzako wa TVS. Pima umbali wa stadi hadi stadi, upana wa mdomo wa bomba kwa ndani, na urefu kutoka flanji hadi kishikio, kwenye zote mbili, uniandikie vipimo hivyo kabla hujatoa pesa. Nikiviona nitakwambia kama bomba lako la mbele bado linafaa na ununue sailensa tupu, au ubadilishe vyote viwili.